Nakshi Nyuma ya Viti

Viti vilikuwa vimerudi.

Mshona mapazia alisimama mlangoni, ufunguo bado mkononi, mfuko wa vitambaa begani, akavitazama. Jana kabla hajaondoka alivisukuma kimoja kimoja, kwa goti na kwa nyonga, mpaka vikaizunguka meza ya mviringo, vikatazamana kama wageni wanaopiga soga. Alitoka jasho, lakini alipofunga mlango alijisifu. Asubuhi hii vilikuwa vimesimama pale pale pa mwanzo. Viwili kando ya kabati la vyombo, kimoja chini ya kioo kikubwa, kimoja peke yake karibu na korido. Miguu yake yenye kucha za simba ilikuwa imeingia kwenye vishimo vyake vya zamani katika zulia, kana kwamba haijawahi kutoka.

Na havikuwa viti vya kusema labda paka kavisogeza. Vilikuwa vya mbao ngumu, vyenye migongo mirefu ya kuchonga, viti ambavyo ukibeba kimoja tu unasikia kiuno kinakulaumu.

"Hodi," aliita, ingawa ufunguo ulikuwa wake.

Hakuna aliyeitika. Vioo vya taa kubwa ya dari viligongana kidogo, tii, kama kijiko kwenye bilauri, kisha vikanyamaza.

Akazungukia uani, kwenye karakana. Mchumba wake alikuwa ameinama juu ya ubao, patasi mkononi, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi. Watu wote walimwita Fundi, na yeye naye akamwita hivyo hivyo, ila kwa sauti nyingine. Naye Fundi alimwita yeye Sindano, kwa sababu ni mrefu, ni mwembamba, na ukimshika vibaya anachoma.

"Fundi, umevirudisha viti?"

"Umeamkaje, Sindano?"

"Nimeamka nimevikuta viti mahali pake. Umevirudisha?"

Alipuliza vumbi. "Vizito vile? Nani ana nguvu hizo asubuhi?"

"Sijauliza nani ana nguvu."

Alicheka, akainua uso kumtazama. Na hapo ikatokea tena. Macho yalikuja kwa upole, yakakaribia, halafu badala ya kutua usoni yakapita kidogo, yakatulia pembeni ya sikio lake la kushoto. Yalikaa hapo, yamejaa mapenzi, yakimtazama mtu aliyesimama nyuma ya bega lake.

"Unamwangalia nani?" Sindano aliuliza, akijaribu kuifanya iwe utani.

"Wewe."

"Mimi niko hapa."

"Najua ulipo," alisema polepole. "Umependeza. Umebana nywele."

Ni kweli alikuwa amebana nywele. Na bado alipokuwa akirudi ndani alijikuta anajipangusa bega la kushoto, kama mtu aliyeguswa.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Nyumba ilibaki kumalizwa mapazia tu, na kila aliyechungulia alisema haijawahi kutokea nzuri kama ile mtaa mzima. Fundi alikuwa ameichonga kwa mkono wake mwenyewe. Kabati lilikuwa na nguzo zilizosokotwa, kitanda kilikuwa na taji la maua, kioo kilikuwa na fremu iliyopakwa dhahabu. Dhahabu hiyo hiyo aliipitisha kwenye ukingo wa kila meza, kwenye miimo ya milango, hata kwenye kingo za ngazi. Mapazia alitaka mahameli ya bluu iliyokolea mpaka karibu iwe nyeusi, mazito, ya kufika chini, na kila upindo ushonewe utepe mweupe wa lesi. Sindano alikumbuka siku Fundi alipokuja dukani kwake kuchagua kitambaa hicho. Wateja wengine huuliza bei. Yeye aliweka kiganja juu ya mahameli, akafumba macho nusu, akakisikiliza. Mshonaji anayejua kazi yake hawezi kumpita mwanaume anayeshika kitambaa namna ile. Sindano hakumpita.

Lakini mapazia hayo yakifungwa, hata saa sita mchana, nyumba inakuwa giza, na katika giza hilo unaona mistari mitupu. Mistari myeupe, mistari ya dhahabu. Vitu vyenyewe vinapotea, zinabaki kingo zake zinaelea.

Mama mdogo hakuyapenda.

Huyu ni mdogo wa marehemu mama yake Sindano, ndiye aliyemlea, na ndiye atakayemkabidhi siku ya harusi. Alikuja asubuhi hiyo kusaidia kupinda, akakaa kwenye kochi, mguu mmoja chini mmoja juu, sindano inakwenda na mdomo unakwenda.

"Nyumba nzuri, sikatai," alisema. "Ila ni nzuri kama ya kumlazia marehemu watu wakamwone."

"Mama mdogo!"

"Nimesema uongo? Mistari hii ni ya nini? Mwanaume anayeoa anataka rangi. Nyekundu. Huyu ameagiza sanda imeshonewa usiku."

"Ni urembo wa kizamani. Ndio mtindo wake."

"Na viti?"

Sindano alijuta kumwambia. "Viti nitamuuliza vizuri."

"Muulize na viatu." Mama mdogo aliushusha mguu. "Usinifanye mtoto. Yule mchumba wa kwanza, mwalimu wa chekechea, alitoka humu asubuhi na mapema amevaa kandambili. Viatu vyake vizuri akaviacha chini ya kabati. Mwanamke haachi viatu vizuri hivi hivi, mwanangu. Aliona kitu."

"Au walikosana."

"Watu wakikosana tunasikia. Hawa hakuna aliyesikia hata sahani ikivunjika." Akashusha sauti. "Na macho yake. Nikimsalimia, anamwitikia mtu aliye nyuma yangu. Juzi niligeuka. Nakuapia niligeuka. Hakuna mtu, nilikuta ukuta."

Sindano aliinamia upindo wake. Uzi ulimkatikia.

"Sikiliza. Mimi simchukii. Ananiamkia vizuri, ana kazi, halewi. Lakini sikukabidhi kwa mwanaume mwenye mwanamke mwingine, awe hai, awe hewa. Jua likianza kushuka nakuja na gari la mizigo la jirani. Unipe jibu. Kama humu ndani mna mtu, tunapakia cherehani na wewe juu yake."

"Na wageni walioalikwa?"

"Watakula nyumbani kwao. Walikuwa wanakula wapi siku zote?"

Alipoondoka, ukimya wa nyumba ulirudi na kukaa. Sindano alijishughulisha. Alikuwa ameahidi kubadilisha kitambaa cha mgongo wa kiti kile cha peke yake karibu na korido, basi akakigeuza, akapiga magoti nyuma yake kung'oa misumari. Mkono wake ukashuka kwenye mbao kutafuta pa kushika, ukakuta kitu.

Nyuma ya kiti, juu begani, mahali ambapo hakuna mgeni atakayepaona, palikuwa na ndege mdogo amechongwa.

Urembo huwekwa mbele. Hakuna fundi anayechosha mkono kwa kupamba upande unaotazama ukuta. Alisimama, akaenda kwenye kiti cha chini ya kioo. Nyuma yake, mahali pale pale, waridi. Vile viwili vya kabatini, kimoja kichala cha zabibu, kimoja kombe la baharini. Akapitisha vidole ukingoni mwa kabati, kumbe chini ya dhahabu kuna matone madogo yamechongwa kwa mfuatano. Kwenye mwimo wa mlango wa korido, usawa wa kiuno, jani. Ndani ya korido, majani ukuta mzima, makubwa mwanzoni, yanapungua na kupungua mpaka kwenye mlango wa chumba cha kulala, ambapo lilibaki moja, dogo kama ukucha.

Kilichomfanya arudi nyuma hata si majani. Vanishi ilikuwa bado mpya, inang'aa nyumba nzima, isipokuwa kwenye zile nakshi. Hapo ilikuwa imefifia na kulainika. Mtu alikuwa anapita humu na kuzishika. Anapita kila siku, bila kuruka hata moja, kama mtu anayewapapasa watoto vichwani kuhakikisha wote wapo.

Alirudi sebuleni akapanda ngazi ya kutundikia, maana mikono ikikosa kazi akili inakimbia. Alijiingiza nyuma ya pazia la dirisha kubwa, lililokwisha kufungwa, kupima upindo, pini mdomoni, mahameli yamemfunika mpaka kichwani. Ndipo akasikia mlango wa uani ukifunguka.

Alitaka kuita. Pini zilimzuia, na kabla hajazitema, kitu kingine kilimzuia zaidi. Fundi alikuwa anafunga mapazia. Moja, la pili, na lile la upande wa kabati. Sebule ikawa giza. Kwa upenyo mdogo kati ya pazia na ukuta Sindano aliona kivuli chake kimesimama katikati ya mistari myeupe, kimefumba macho.

"Waridi," Fundi alinong'ona.

Akaenda. Hakupapasa ovyo, alikwenda kama mtu anayeongozwa kwa mkono. Kiganja kikagusa mgongo wa kiti chini ya kioo. "Waridi. Sasa zabibu. Polepole, meza iko kulia. Zabibu. Kombe. Vizuri."

Alikuwa akiongea na nani? Sauti ilikuwa laini, sauti ambayo Sindano alidhani ni yake peke yake.

Kivuli kikafika kwenye kochi, kikakaa, uso umeelekea kiti cha ndege, kile kilicho peke yake, kitupu.

"Umeshinda kimya leo," Fundi alikiambia kiti.

Akangoja. Nyumba nayo ikangoja. Kisha akatikisa kichwa na kucheka, cheko dogo la mtu aliyejibiwa.

"Haya, basi, sisemi tena. Kunywa, chai imepoa, Sindano."

Nyuma ya pazia, Sindano alijisikia kama ameutoka mwili wake. Jina lake limeitwa kule, limeitikiwa kule, na yeye yuko huku. Kwa muda mfupi, na hili hakuwahi kulieleza vizuri hata baadaye, hakuwa na uhakika ni yupi kati yao wawili aliye kwenye kiti.

Akatema pini mkononi.

"Mimi niko huku," alisema.

Fundi aliruka, akafumbua macho. Na badala ya kugeukia dirishani alikitazama kiti.

"Huku, Fundi. Dirishani."

"Umekuwa hapo tangu lini?"

"Nani yuko kwenye kiti?"

"Hakuna mtu."

"Umemcheka. Umempa chai. Umempa jina langu! Wanawake wote duniani wana majina, umekosa la kumpa mpaka umpe langu?"

"Sindano, ni wewe."

"Mimi niko huku na pini mkononi!"

Alishuka ngazi, akatoka kwenye pazia, mwanga ukaingia naye. Fundi aliinua kiganja kujikinga, kisha akakishusha polepole, kama mtu aliyekubali. Hasira ya Sindano ikasita mlangoni.

"Njoo mbele yangu," Fundi alisema. "Simama. Sasa nitakutazama kama watu wanavyotazamana. Usiogope."

Akainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hayakupita pembeni. Yalitua machoni mwake, katikati kabisa. Sindano alitamani asingeomba kamwe kutazamwa hivyo. Yalikuwa macho mazuri, na yalikuwa kama madirisha ya nyumba iliyohamwa.

"Unaona nini?" Sindano aliuliza.

"Nywele zako. Mabega. Mkono wenye pini. Katikati hakuna mtu." Aliinua kidole gumba. "Ni kama kuna anayeweka kidole gumba kwenye uso wa kila ninayempenda. Nikitazama pembeni, karibu na sikio, uso unarudi. Hafifu, lakini unarudi. Ndiyo maana."

"Tangu lini?"

"Lilianza kama doa. Daktari wa macho alisema litakua, na kwamba kwa ugonjwa huu hana cha kunipa. Ukingoni kutabaki mwanga kidogo, na vitu vyeupe."

Sindano aliyatazama mapazia yake, lesi yake yote, kila upindo alioushona akiamini anashona urembo.

"Na mwalimu?"

"Nilimwambia. Tulikuwa tunakula. Alimaliza sahani yake, akaosha vyombo, akanitakia usiku mwema. Asubuhi hayupo. Hakugomba hata neno moja, Sindano. Angegomba ningejua pa kushika."

"Kwa hiyo mimi ukanificha."

"Mpaka Jumamosi ipite. Nilisema nitajifunza nyumba, viti, korido; ndiyo maana vile viti nilivirudisha. Nikishaijua, hutagundua mapema. Ungeishi na mwanaume mzima hata miaka michache."

"Na yule unayeongea naye?"

Aliinamisha kichwa. "Nilitaka nijue pa kuelekeza uso. Ukae hapo, nami nikuelekee, usione kama naongea na hewa."

"Sasa umeongea na hewa!" Hasira ilirudi, na safari hii ilijua njia. "Umejioza mke wa kiti. Ananyamaza, hahami, anakunywa chai iliyopoa. Mimi siyo yule, Fundi. Mimi nikinuna nahamia jikoni. Nikishona nataka dirishani. Viatu navua popote, waulize kwetu."

"Nitajikwaa."

"Utajikwaa! Utanitukana, nami nitakurudishia. Lakini utajikwaa kwangu mimi."

"Sitaki uje uwe fimbo yangu," alisema kwa shida. "Una mikono ya dhahabu. Uje uishie kunishika mkono kunipeleka chooni?"

"Nani kakwambia nitakupeleka? Choo unakijua, njia nzima ina majani."

Fundi alicheka bila kutaka, akajifunika uso, na Sindano hakujua kama bado ni kicheko. Hakumwendea. Alikwenda kwenye kiti cha ndege, akakikumbatia mgongo, akaanza kukiburuta. Kucha za simba zilikwaruza sakafu kwa sauti mbaya.

"Unakipeleka wapi?" Fundi alisimama ghafla. Ilikuwa sauti ya hofu, hofu ya kweli. "Sindano, kiache. Unakipeleka wapi?"

"Dirishani. Nikishonea nitakaa huku. Fumba macho unitafute."

Alivuta pazia, giza likarudi. Fundi akaanza kuja, na mara hii hakuongozwa na mtu. Aligonga paja kwenye meza, bilauri ikalia. Alishika hewa mahali palipokuwa na kiti, akabaki ameishika. Sindano aliuma midomo. Kila kiungo chake kilitaka kwenda, lakini alijiambia, ukimwendea leo utamwendea siku zote. Hatimaye kiganja kikapata mbao, kikapapasa, kikampata ndege. Kikashuka kutafuta bega lake.

"Hupo."

Sindano hakuwa kitini. Alikuwa amesimama pembeni, ukutani, amezuia pumzi. Na katika giza lile, mtu anayempenda akimtafuta mahali asipokuwepo, Sindano alijiona jinsi atakavyokuwa. Sauti bila uso. Harufu ya kitambaa kipya. Wa kuaminiwa tu kwamba yupo. Baridi ilimpanda mgongoni, akaiacha ipande mpaka ikafika juu.

Kisha akapumua.

Fundi aligeuza kichwa. Hakusogea haraka. Alinyoosha mkono kuelekea ile pumzi, ukamgonga shingoni, si kwa ufundi, karibu amtie kidole jichoni.

"Hapa," alisema.

"Hapa," Sindano aliitikia, na sauti ikamvunjikia.

Walikuwa bado hivyo gari lilipopiga honi nje. Mama mdogo hakungoja kufunguliwa. Aliingia, akavuta pazia la kwanza alilolikuta, akawaona wamesimama ukutani kama watoto waliovunja kitu.

"Haya," alisema. "Nani yuko humu?"

Sindano alifungua kinywa, lakini Fundi alitangulia.

"Shikamoo, mama. Hakuna mtu. Ni macho yangu. Yanakufa. Uso wako sijauona tangu uanze kuja hapa."

Mama mdogo aliliachia pazia. Alimsogelea, akamchungulia jicho hili na lile, kama anayetafuta kibanzi. Halafu akaketi kwenye kochi, mzito.

"Mimi nilidhani ana mwanamke," alisema. "Afadhali angekuwa na mwanamke. Mwanamke ningemfukuza."

Hakuna aliyecheka.

"Na wewe unajua?" alimgeukia Sindano.

"Nimejua sasa hivi."

"Na hupandi gari."

"Sipandi, mama mdogo."

"Utachoka."

"Nitachoka."

Alimtazama sana, huyu mtoto aliyemvusha barabara, aliyemsuka, aliyemgombeza. Akajipangusa pua kwa upindo wa pazia aliokuwa ameupinda mwenyewe asubuhi.

"Nje bado kuna jua?" Fundi aliuliza.

"Limebaki kidogo," Mama mdogo alijibu, na kisha, kana kwamba swali hilo limemuuma, akainuka. Alimshika Sindano mabega kutoka nyuma, akamsukuma mpaka kwenye mlango wa mbele, akaufungua wote, mwanga wa njano ukamwagika mpaka kwenye zulia. "Kaa hapo. Usicheze. Fundi, njoo, mtazame, kabla hajanenepa. Mtazame mzima. Mimi namwambia dereva azime gari."

Akatoka.

Sindano hakujua mikono aiweke wapi. Fundi alikuja karibu, akaelekeza macho pembeni ya sikio lake, akaanza. Aliliangalia sikio lenyewe, kisha taya, kisha kovu dogo la kidevuni, kisha shingo na mfupa wake. Alikwenda taratibu, hakuruka kitu, kama mtu anayetoa vyombo vya nyumba kimoja kimoja huku moto uko nyumba ya pili.

Yeye, ambaye hajawahi kutulia mahali tangu azaliwe, alisimama palepale mpaka mwanga ukamalizika.